Kaskazini kwa Kalenda ya Mahindi

Saa tano na robo asubuhi, Jumatatu ya pili ya Septemba, Mama Nilesh alisukuma mlango wa ofisi yetu ya Kitale, akapangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akasema anataka kwenda kaskazini kwa meli, safari ndefu, peke yake. Niliandika saa hiyo kwenye daftari kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwa kila mteja. Sikujiuliza kwa nini mwenye duka anayefungua saa mbili aje kwangu saa tano. Kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilianzia hapo.

Nyinyi wawili mliobaki ofisini mliniomba niwaachie maelezo kabla sijasahau. Mambo ya kompyuta mnayajua kunishinda. Nitawaachia kesi moja, pamoja na machache yaliyoitangulia, ili mumjue aliyeishughulikia. Nimestaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuuza safari ambazo mimi mwenyewe sikuzifanya. Bahari nimeiona mara mbili, Mombasa, na mara zote mbili nilikuwa kwenye semina.

Nilianzia Bungoma, katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: meza moja, simu moja, kabati la chuma lisilofungika. Siku ya kwanza nilikaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni bila mteja. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliingia mtu akauliza kama tunatengeneza redio.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, karani wa reli aliyestaafu, ambaye ofisi ilimwajiri kwa mwaka mmoja tu anielekeze. Tiketi wakati huo zilikuwa vijitabu vya karatasi nyembamba zenye wino mwekundu mgongoni, na ulichoandika juu kilipaswa kufika hadi nakala ya nne. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri lakini mwepesi.

"Simiyu," aliniambia, "kalamu hiyo ni ya kukandamiza, si ya kubembeleza. Ukibembeleza, mtu atafika London na mzigo wake ubaki uwanja wa ndege Embakasi."

Ndiye aliyenifundisha pia kusoma ratiba kutoka mwisho: shika saa ambayo mteja lazima afike, kisha rudi nyuma kituo kwa kituo hadi mlango wa nyumba yake. Mwaka ulipoisha alirudi kwake Kimilili, nami nikabaki katika chumba kile peke yangu kwa miaka kumi na mmoja.

Ofisi ya mtu mmoja ina faida moja, kwamba mtu husoma. Nilinunua ramani za dunia kutoka shule iliyokuwa ikiuza vitabu vyake vya zamani, nikajifunza bara kwa bara. Makao makuu yalituletea kwa posta vijitabu vya safari za meli, ingawa Bungoma nzima hakukuwa na mnunuzi wa safari hizo, nami nikavisoma vyote. Nilijua kina cha maji cha bandari ambazo sikuwa na mtu wa kumpeleka. Katika miaka hiyo ndipo nilipotunga fomu yenye maswali kumi na manne ambayo bado mnaitumia: pasipoti, dawa, magoti, hofu ya ndege, vyakula asivyokula mteja, na kadhalika. Niliiamini fomu ile kuliko nilivyoamini watu.

Ofisi ya Bungoma ilipofungwa (sasa hapo pana kinyozi) nilihamishiwa Kitale, nikapanga nyumba Kibomet. Mke wangu alibaki shambani Matulo, nami nilikwenda kila Jumamosi, hadi alipofariki. Baada ya hapo Jumamosi ikawa siku kama nyingine.

Kitale nilikuta desturi ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Trans-Nzoia mtu hasafiri akiwa na mahindi shambani. Machi na Aprili anapanda, Mei na Juni anatia mbolea ya kukuzia, Oktoba anavuna, Desemba anauza. Kwa hiyo kila safari niliyouza ilikuwa ya Januari. Yerusalemu Januari, Dubai Januari. Kuna baba mmoja wa Kiminini aliyefika kwenye mahafali ya mwanawe Australia wiki sita baada ya sherehe, wala hakuona tatizo lolote, maana mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani. Mimi pia niliacha kuona tatizo. Majira kwangu yakawa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mama Nilesh alikuwa na duka la mbegu na mbolea, mtaa wa pili kutoka ofisini. Alizaliwa hapa hapa Kitale, kama baba yake. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne kabla, na Nilesh, mtoto wake wa pekee, anaishi Uingereza. Nilimpa kiti, nikachukua fomu.

"Kwa nini kaskazini, Mama? Wengi wanapenda Dubai."

"Dubai nitakutana na Kitale yote."

"Na kwa nini meli?"

Alipanga vidole vyake juu ya meza kabla ya kujibu. "Nimesikia huko melini wanakukalisha meza ya watu wanane. Kila jioni meza ile ile, watu wale wale, mpaka mwisho."

"Ni kweli. Ukiomba wanakupa."

"Miaka minne nakula nikiangalia ukuta, Simiyu. Nataka watu wanane. Hata kama ni wabaya."

Niliandika: meza kubwa. Ukuta aliousema niliujua. Wangu una kalenda.

Nilimwekea njia tatu mezani. Ya kwanza ilitoka Bergen mwanzoni mwa Januari, ikapanda pwani ya Norwei hadi Rasi ya Kaskazini na kurudi, siku kumi na sita, kuona ile mianga ya kijani inayocheza angani. Ya pili ilikuwa ya mwanzo wa kiangazi chao, nayo ilivuka hadi visiwa vya barafu vya Spitsbergen. Ya tatu ilikuwa ya Septemba, na tayari tulikuwa tumeichelewa. Nikampa ushauri wa Januari bila kufikiri. Duka la mbegu halina kazi Januari. Zaidi ya hapo, meli huuza chumba kwa watu wawili, na anayelala peke yake hulipia pia kitanda kitupu. Kwa safari za Januari kampuni ilikuwa imepunguza malipo hayo. Niliona nimemfanyia wema.

"Huko si kuna giza wakati huo?" aliuliza.

"Mchana ni mfupi, Mama."

Nilijua ukweli. Nimeusoma mara mia. Lakini mtu akiuza safari miaka mingi hujifunza kulainisha maneno: njia mbovu huwa njia ya kusisimua, hoteli ya kelele huwa hoteli ya katikati ya mji. Nilisema mchana ni mfupi mahali pa kusema jua halitoki. Tukamaliza maswali kumi na manne. Chakula: hali nyama, samaki, mayai, kitunguu wala kitunguu saumu. Akasaini, na kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa amelipa pesa zote.

Mwishoni mwa Oktoba, asubuhi ya Alhamisi, nilimpelekea karatasi za safari dukani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Mawingu yalikuwa yamefunika upande wote wa milima ya Cherangani. Mama Nilesh alikuwa amesimama barazani akitazama mashariki, na nyuma yake kwenye meza ya duka kulikuwa na chai na chapati zilizofunikwa kwa sahani. Wanyonyi, mfanyakazi wake wa miaka mingi, alikuwa akipima mbolea.

"Mama, leo ni mpaka saa sita, mimi naona," Wanyonyi alisema.

"Wewe pima mbolea. Mawingu si ya kupimwa."

"Unamngoja mtu, Mama?" nikauliza.

"Nangoja jua."

Nilifikiri anatania, nikacheka. Hakucheka. Akanieleza, macho yake yakiwa bado kwenye mawingu. Mumewe alipokuwa amelazwa hospitalini Eldoret, Mama aliweka nadhiri kwamba mzee akipona, yeye hatakula chakula siku yoyote kabla ya kuliona jua kwa macho yake. Akaanza kuishika siku hiyo hiyo, bila kungoja matokeo.

"Lakini mzee hakupona," nikasema, kwa upole niliouweza.

"Mungu hakutimiza upande wake. Mimi natimiza wangu. Kwani ni biashara?"

"Na siku jua likikosa?"

"Maji tu. Mwaka juzi mwezi wa saba nilikaa siku mbili. Huku kwetu siku ya tatu lazima litoke."

Ndipo nikaelewa saa tano na robo: siku ile alingoja jua, akala, ndipo akaja kwangu. Nikaelewa pia nilichokuwa nimekishika mkononi.

"Mama," nikasema, "kule Januari jua halitoki."

"Mpaka saa ngapi?"

"Halitoki kabisa. Meli ikishapanda juu, ni siku tisa hakuna jua."

Wanyonyi aliacha kupima. Mama Nilesh aliendelea kutazama mashariki. Saa nne kasoro dakika kumi wingu lilipasuka, jua likaonekana. Akaunganisha viganja vyake, akainamisha kichwa, akaingia ndani akala chapati iliyopoa, akiwa amenipa mgongo. Alipomaliza akapangusa mikono.

"Nitakwenda tu. Nitakaa mezani na wao. Kukaa si kula."

"Siku tisa, Mama. Una miaka sitini na saba."

"Nimeshalipa. Na wewe ulisema mchana ni mfupi."

"Nilisema."

"Si ungeniambia ukweli tu, bana."

Katika miaka yangu yote ya kazi nimetukanwa na wateja kwa lugha nne. Hakuna lililonishika kama hilo.

Muda wa kubadilisha safari bila adhabu ulikuwa umepita kwa siku sita. Nilikwenda kwa Madam Njoki, mwenye ofisi, ambaye mnamjua.

"Bwana Simiyu, wewe ni ajenti ama ni padre?"

"Ajenti, Madam."

"Fomu amesaini?"

"Amesaini. Lakini fomu haikumuuliza."

"Hiyo fomu ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi na adhabu ni yako. Mimi sina mfuko wa nadhiri."

Hakuwa mkatili. Watu wananunua safari kwenye simu siku hizi, na ofisi ilikuwa ikihesabu miezi ya kubaki wazi. Nilisaini karatasi ya kukatwa mshahara siku hiyo hiyo. Mama Nilesh nilimwambia kwamba kampuni ya meli imekubali kubadilisha bila malipo. Huo ulikuwa uongo wa pili niliomwambia, na huo sijautubu.

Sasa nisomeeni hapa polepole, maana hapa pana kazi. Mnaweza kudhani kwamba jibu lilikuwa rahisi: mpeleke wakati wa kiangazi chao, ambapo jua halizami. Lakini jua kutozama si sawa na jua kuonekana. Pwani ile ina mvua na ukungu kuliko Kimilili mwezi wa nane. Kwanza nilitaka kujua masharti.

"Jua la dirishani linahesabika?" nilimuuliza.

"Kioo sawa. Macho yangu, jua lenyewe."

"Likionekana kwenye maji?"

"Hapana, hicho ni kivuli."

"Na kwenye simu?"

"Simiyu, kwenye simu hata jua la Mombasa naweza kuliona. Ningekuwa nakula saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Kisha nikaanza kutafuta. Nilikusanya rekodi za mvua na mawingu za kila bandari iliyokuwa kwenye njia ile, mwezi kwa mwezi, nikazipanga kwenye daftari la mistari. Niligundua kwamba Mei na mwanzo wa Juni pwani ile ni kavu kuliko Julai, ingawa vijitabu vyote husifu Julai kwa sababu ya joto. Niligundua kwamba ukungu hupenda bahari wazi na huchelewa kuingia ndani ya ghuba, kwa hiyo nikaacha meli inayozunguka visiwa kwa nje, nikachagua inayoingia ghubani na kutulia. Nilimtafutia chumba chenye dirisha, upande wa kushoto meli ikipanda, ambao hutazama magharibi ambako jua hukaa jioni ndefu. Safari iliondoka Bergen wiki ya mwisho ya Mei. Bandari nyingi zina kamera zinazoonyesha picha saa zote. Kuanzia Februari, jua liliporudi kule, nilizifungua kila siku nikaandika: limeonekana, halikuonekana, saa ngapi.

Safari hii haikuwa na punguzo la kitanda kitupu. Alilipia tofauti bila kulalamika. "Nimezoea," alisema.

Matokeo ya utafutaji huo wote nilimpelekea kila Alhamisi, tangu Novemba. Nilikwenda saa nne, mara nyingi jua likiwa limeshatoka, nikamkuta anakula. Wanyonyi alinitolea debe la kukalia. Nilisoma namba zangu, naye alisikiliza kama watu wanavyosikiliza bei ya mahindi redioni. Halafu tulizungumza mambo mengine: bei ya mbolea, mvua, jinsi mumewe alivyokuwa akibishana na wauzaji wa mbegu feki, jinsi mke wangu alivyokataa katakata kupanda soya. Siku moja mawingu yalikataa hadi saa saba, na tulikaa barazani tukitazama mashariki wote wawili. Chai yangu sikuigusa. Alhamisi hizo zilikuwa ishirini na nane. Ninazo zote kwenye daftari.

Alipokwenda, alimwachia Wanyonyi duka katikati ya msimu wa mbolea ya kukuzia, jambo ambalo mtaa mzima uliliona kama wazimu. Niliifuata meli kwenye kompyuta siku kwa siku. Bergen, mji wa mvua niliouogopa kuliko yote, jua lilitoka. Siku saba za mwanzo, zote lilitoka. Siku ya nane, Spitsbergen, kamera ilionyesha ukungu mweupe tangu asubuhi hadi nilipofunga ofisi. Siku ya tisa hali ilikuwa hiyo hiyo. Saa saba mchana nilikwenda kwenye kibanda cha nyuma ya soko, nikaagiza chai na chapati mbili, nikazimaliza. Kufunga kwangu kusingemletea jua.

Alirudi zikiwa zimebaki siku nne nistaafu. Alikuja ofisini mwenyewe, saa nne na dakika tano.

"Siku kumi na sita," alisema kabla ya kukaa. "Moja tu sikula."

"Daftari langu linasema mbili."

"Daftari lako halikuwa pale." Akacheka. Akaniambia kwamba siku ya nane alikaa mezani na glasi ya maji, na mzee mmoja Mjerumani, dereva wa basi aliyestaafu, akamuuliza kama anaumwa. Alijaribu kunyamaza, akashindwa, akawaeleza nadhiri yote kwa Kiingereza chake cha dukani. Asubuhi yake watu saba wa meza ile waligawana saa, wakapeana zamu za kusimama nje wakitazama ukungu.

"Kama walinzi wa benki, Simiyu. Na makoti makubwa hivi. Saa kumi na dakika arobaini jioni huyo dereva anagonga mlango wangu anapiga kelele, nakimbia na ndala. Tundu dogo tu, kama sarafu ya shilingi kumi. Dakika moja. Lakini nimeliona."

"Ukala."

"Wote walikula! Walikuwa wameshakula mchana, wameshiba, na wanakula tena. Ati siwezi kula peke yangu. Yule dereva alimaliza viazi vya watu wawili."

Alipokuwa akisimulia simu yake ililia mara tano. Kila mara aliitazama, akatabasamu, akaandika kitu kwa kidole kimoja. "Ni meza," alinieleza. Walikuwa wamefungua kundi la kutumiana ujumbe, na jina la kundi ni hilo, Meza. Dada wawili kutoka humo walikuwa wakiuliza nauli ya kuja Kitale. Nilimwandikia bei tatu kwenye karatasi. Ndiyo safari ya mwisho niliyoipanga.

Kwenye fomu nimeongeza swali la kumi na tano: kuna saa au hali yoyote ambayo wewe huli, husafiri au hulali? Msiliondoe. Na mteja akiuliza kama kuna giza, mwambieni lipo, mwambieni ni la siku ngapi, kisha mnyamaze mumwache aamue. Tena msiuze Januari kwa sababu tu mahindi yameingia ghalani.

Alhamisi ya kwanza baada ya kustaafu nilipita mtaa wa pili. Kulikuwa na mawingu. Mama Nilesh alikuwa barazani, ameinua simu akiwaonyesha watu fulani upande wa mashariki, akiwaambia kwa Kiingereza wangoje, wangoje, linakuja. Aliniona, akanipungia mkono, nami nikampungia. Debe lilikuwa limekaliwa na mteja. Nilikwenda sokoni nikanunua sukuma wiki ya mtu mmoja, nikarudi Kibomet kwa miguu.

Adhabu ya kubadilisha safari ilikatwa kidogo kidogo kwenye mishahara yangu ya mwisho, na salio likatolewa kwenye malipo ya kustaafu. Mama Nilesh hajui, na nyinyi mnaosoma hapa msimwambie. Kwa hesabu kamili, kesi hii ilinigharimu shilingi elfu tisini na sita na mia mbili.